Maswali Mawili Mlangoni

Penseli ikianguka, Wonder aliiokota. Milango aliifungua na kuifunga, taa aliiwasha na kuizima, na mtoto akitaka kuvua koti alimsaidia kulivuta mpaka litoke. Mtoto akisimama na kifaa chake cha kutembelea, Wonder alikuwa ubavuni ili asiyumbe. Na alimsaidia kwenye jambo ambalo kila binadamu angependa kulifanya bila kuzungukwa na watu: kuhamia kwenye choo na kurudi. Wonder alikuwa mbwa, chotara wa golden retriever na poodle. Mtoto mwenyewe, ambaye hukumu ya kesi yake inamtaja kwa herufi E.F. tu, alizaliwa na mtindio wa ubongo katika hali kali, na mwaka 2009 alikuwa na miaka 5, anaanza chekechea katika shule ya umma huko Napoleon, jimbo la Michigan, Marekani.

Shule ilimkataa mbwa. Sababu waliyoitoa haikuwa ya watu wakatili. Walisema mtoto ameshapangiwa msaidizi, mtu mzima wa kukaa naye siku nzima, na mtu huyo atafanya yote ambayo mbwa angefanya. Kwa hiyo mbwa wa nini?

Hoja hiyo inastahili kutazamwa vizuri, kwa sababu ndiyo inayowafungia mlango watu wenye ulemavu mara nyingi zaidi kuliko chuki. Ni hoja ya ukarimu. Anayekataa anajiona ameshatoa kilicho bora. Lakini wazazi wa E.F. walikuwa wakifikiria miaka 20 mbele: mtoto aliyezoea kupelekwa chooni na mtu mzima atakuwa mwanamke anayesubiri kupelekwa chooni na mtu mzima. Kwa mbwa, angejifunza kwenda mwenyewe. Daktari wake ndiye aliyependekeza mbwa, na haikuwa kwa ajili ya kumfurahisha mtoto.

Baada ya mvutano, shule ilikubali majaribio katika majira ya kuchipua ya mwaka 2010. Masharti yake yanachekesha kwa uchungu. Wakati wa masomo Wonder alitakiwa kukaa nyuma ya darasa, na kazi nyingi alizofundishwa alikatazwa kuzifanya. Walimjaribu mbwa wa kazi kwa kumnyima kazi. Majaribio yalipokwisha, shule ikasema hapana, na wazazi wakaanza kumfundishia binti yao nyumbani.

Walilalamika kwa ofisi ya haki za kiraia ya Wizara ya Elimu. Jibu lilikuja mwaka 2012, likiwa upande wao, na maafisa walifafanua kwa mfano ambao mwanasheria yeyote angetamani angeuwaza yeye: kumwambia mtoto huyu amwache mbwa kwa sababu kuna msaidizi ni sawa na kumwambia mwanafunzi wa kiti mwendo akiache kiti getini kwa sababu kuna watu wa kumbeba. Shule ikasalimu amri. Lakini baba wa mtoto, baada ya kuzungumza na uongozi, aliona binti yake atapokelewa kwa kinyongo, na familia ikampeleka wilaya nyingine, ambako Wonder alikaribishwa. Kisha wakafungua kesi wakidai fidia kwa muda uliopotea.

Kesi ya familia hiyo, Fry dhidi ya shule za Napoleon, ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani ikiwa imebeba swali la kitaratibu ambalo kwa juu linachosha. Marekani ina sheria ya elimu maalumu inayomtaka mzazi amalize kwanza ngazi zote za malalamiko ya kielimu kabla ya kwenda mahakamani. Shule ilidai familia imeruka ngazi hizo, na mahakama za chini zikakubaliana nayo. Tarehe 22 Februari 2017 Jaji Elena Kagan aliandika hukumu iliyotengua msimamo huo wa mahakama za chini, na hakuna jaji hata mmoja aliyeipinga. Alitoa vipimo viwili vya kutambua kama lalamiko ni la elimu au la ubaguzi. Je, mtoto angeweza kutoa lalamiko lilelile kama angezuiwa kuingia maktaba ya umma au ukumbi wa maonyesho? Na je, mtu mzima anayefanya kazi au anayetembelea shule hiyo angeweza kulitoa? Kama jibu ni ndiyo, hapo tatizo halihusu mtaala, ni mlango uliofungwa. Mahakama haikuamua kama shule ilivunja sheria. Ilirudisha kesi chini ichunguzwe upya. Lakini kanuni ilisimama: kuwa mwanafunzi hakumwondolei mtu ulinzi ambao angekuwa nao sokoni.

Ulinzi wenyewe ulichukua muda mrefu kujengwa. Mwaka 1928 kijana asiyeona wa Nashville, Morris Frank, alirudi Marekani kutoka Uswisi akiwa na mbwa jike aitwaye Buddy. Alikwenda kumfuata baada ya kusomewa makala ya Mmarekani Dorothy Harrison Eustis, aliyekuwa akifundisha mbwa huko Uswisi na kuandika kuhusu Wajerumani waliokuwa wakiwapa mbwa waongozaji askari waliopofuka katika Vita Kuu ya Kwanza. Aliposhuka New York, Frank alivuka barabara yenye msongamano wa magari mbele ya waandishi wa habari, Buddy akimwongoza. Mwaka uliofuata shule ya mbwa waongozaji iitwayo The Seeing Eye ilianzishwa, na ipo hadi leo, Morristown, New Jersey.

Kuvuka barabara kulikuwa rahisi kuliko kuingia hotelini. Frank alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kubishana na wenye treni, wenye mikahawa na wenye nyumba za wageni. Majimbo yakaanza kutunga sheria, moja baada ya jingine, kila moja kwa namna yake. Mwaka 1973 sheria ya shirikisho ikapiga marufuku ubaguzi katika taasisi zinazopokea fedha za serikali hiyo, na tarehe 26 Julai 1990 Rais George H. W. Bush akatia saini sheria kuu ya Wamarekani wenye ulemavu, ijulikanayo kwa kifupi ADA, iliyofika mpaka kwenye duka la binafsi, hoteli, sinema na teksi.

Kanuni za kwanza za ADA zilikuwa na mikono mipana: mbwa mwongozaji au mnyama mwingine yeyote aliyefundishwa. Watu wakaja na tumbili, nyoka, kasuku. Wizara ya Sheria ikafunga mlango kidogo kwa kanuni mpya zilizotangazwa mwaka 2010 na kuanza kutumika Machi 2011. Sasa mnyama msaidizi ni mbwa. Pakaachwa upenyo mmoja, na ni mmoja wa vipengele ninavyovipenda katika sheria yoyote ya Marekani: farasi mdogo. Wapo farasi wa kimo cha takriban sentimeta 60 hadi 86 begani, wanaofundishika kumwongoza asiyeona, na wanaishi miaka mingi kuliko mbwa. Mwenye jengo anatakiwa kuwaruhusu panapowezekana, akizingatia ukubwa wao na usalama. Nani atataka farasi badala ya mbwa? Mwenye mzio wa mbwa, kwa mfano. Mwingine alikuwa mwanamke wa Kiislamu asiyeona, huko huko Michigan, ambaye wazazi wake hawakutaka mbwa nyumbani. Nitarudi kwenye suala hilo.

Moyo wa kanuni hizo uko mlangoni. Chukua mkahawa wowote saa ya chakula cha mchana. Anaingia mwanamke na mbwa, wala haonekani kuwa na ulemavu wowote. Mhudumu anaruhusiwa kuuliza mambo mawili tu. La kwanza: je, unamhitaji mbwa huyu kwa sababu ya ulemavu? La pili: amefundishwa kufanya kazi gani? Mwanamke akijibu, "Ndiyo, ananitahadharisha sukari inaposhuka," mazungumzo yamekwisha, aonyeshwe meza. Mhudumu hana ruhusa ya kuuliza ugonjwa wake ni upi, kudai cheti, wala kusema mbwa aonyeshe anavyofanya. Mteja wa meza ya pili akisema anaogopa mbwa, au ana mzio, hao wawili watenganishwe ndani ya mkahawa. Mbwa hatolewi kwa sababu hiyo. Na kama ulemavu na kazi ya mbwa vinaonekana wazi, kama kwa asiyeona anayeongozwa na mbwa wa mikanda na mpini, hata maswali hayo mawili hayaulizwi.

Mbwa anatolewa kwa makosa yake mwenyewe: akiwa hadhibitiki na mwenyewe hachukui hatua, au akijisaidia ndani. Hapo sheria haina huruma naye. Hata akifukuzwa, mtu wake lazima apewe nafasi ya kuhudumiwa bila mbwa.

Ukizisoma kanuni hizi kwa makini utaona haki haikuwekwa kwa mnyama. Mbwa hana haki ya kuingia popote. Haki ni ya mtu, na mbwa anaingia kwa kazi yake kama fimbo nyeupe inavyoingia. Ndiyo maana mbwa ambaye kazi yake ni kuwapo tu, kumliwaza mwenyewe kwa joto na upole wake, hahesabiwi chini ya ADA, hata kama mwenye mbwa ni mgonjwa kweli na anafarijika kweli. Sheria ya makazi inampokea, mkahawa haulazimiki. Mpaka huo unawaumiza baadhi ya watu, lakini bila mpaka kanuni nzima ingeporomoka.

Ilikaribia kuporomoka. Sheria inayoamini neno la mtu inawavutia waongo, na Wamarekani waongo hawakukosekana. Mtandaoni pakazuka biashara ya kuuza vitambulisho vya plastiki, vizibao vyekundu na "usajili wa taifa" ambao taifa halina. Wizara ya Sheria imesema wazi kwamba karatasi hizo hazithibitishi chochote. Matokeo yake ni kinyume cha matarajio ya mnunuzi: mhudumu anayeijua kazi yake humtilia shaka zaidi anayetoa kadi inayong'aa kuliko anayejibu kwa sentensi moja. Majimbo nayo yakaanza kuadhibu udanganyifu. Florida, tangu mwaka 2015, ni kosa la jinai lenye faini ya hadi dola 500.

Uongo ulioumiza zaidi ulikuwa angani. Sheria ya usafiri wa anga ilikuwa tofauti na ADA, ikiwaruhusu wanyama wa faraja, na Januari 2018 abiria mmoja alifika uwanja wa Newark na tausi. Ndege ilikataa kumbeba, picha zikazunguka dunia, watu wakacheka. Wasiocheka walikuwa wasioona. Mbwa mwongozaji ambaye mafunzo yake yamegharimu makumi ya maelfu ya dola anaweza kuharibika kazini kwa siku moja akishambuliwa na mbwa wa "faraja" asiyefundishwa hata kukaa. Basi waliodai kanuni zikazwe hawakuwa mashirika ya ndege peke yao. Mwishoni mwa mwaka 2020 Wizara ya Uchukuzi ilitoa kanuni mpya: mbwa tu, aliyefundishwa, na shirika la ndege linaweza kumtaka abiria ajaze fomu ya serikali kuhusu afya, tabia na mafunzo ya mbwa. Safari ya saa 8 au zaidi ina fomu nyingine, ambapo abiria anathibitisha kwamba mbwa hatajisaidia njiani, au akijisaidia, itakuwa kwa namna isiyochafua. Sijui afisa gani aliketi akaandika sentensi hiyo, lakini namheshimu.

Tazama kilichotokea. Ardhini Mmarekani mwenye ulemavu anaaminiwa kwa mdomo. Hewani anaaminiwa kwa saini. Waongo walijaza ndege, wakweli wakajazishwa fomu. Kila sheria ya wanyama wasaidizi, popote ilipo, ni jibu la swali moja: shaka ikizuka, mzigo aubebe nani? Japani, kwa sheria yake ya mwaka 2002, iliuweka kwa mwenye mbwa: mbwa apimwe na atambuliwe na taasisi iliyoidhinishwa, avae alama. Udanganyifu ni mgumu zaidi, lakini aliyemfundisha mbwa wake mwenyewe bila uwezo wa kupita kwenye taasisi anabaki nje. Kwangu mimi heri mbwa bandia mmoja aingie mkahawani kuliko mama wa kiti mwendo asimame mlangoni akipekua mkoba kutafuta cheti huku foleni ikimkodolea macho. Ila naelewa kwa nini asiyeona ambaye mbwa wake ameumwa hatakubaliana nami.

Uingereza imechukua njia ya tatu, na kwa msomaji wa Kiswahili ndiyo yenye mengi ya kufikirisha, kwa sababu inamgusa dereva wa teksi. Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 inamlazimisha dereva kumbeba abiria na mbwa wake msaidizi, bila kuongeza nauli. Akikataa, ni kosa la jinai, faini hadi pauni 1,000. Anayesamehewa ni dereva mwenye sababu ya kiafya, kama pumu inayochochewa na manyoya, na lazima awe na hati rasmi ya msamaha. Dini si sababu.

Madereva wengi wa miji ya Uingereza ni Waislamu, na hapo pakawa na mgongano. Sisi tuliosoma fikihi ya Shafii pwani tunaijua hukumu tangu madrasa: mate ya mbwa ni najisi nzito, chombo huoshwa mara 7, moja kwa udongo. Dereva anayesali ndani ya gari au kwa nguo zilezile ana wasiwasi wa kweli, na kumwita mbaguzi tu ni uvivu. Lakini fikihi ni pana kuliko wasiwasi. Imamu Malik alimwona mbwa hai kuwa twahara. Na katika fikihi ya Shafii yenyewe, mkavu akigusa mkavu najisi haihami. Mbwa aliyelala kwenye sakafu ya gari, bila unyevu, hajaharibu sala ya mtu. Kurani inahalalisha windo la mbwa aliyefundishwa, katika Sura ya Al-Maida, na Watu wa Pangoni walikuwa na mbwa wao mlangoni. Mbwa wa kazi hajawahi kuwa mgeni katika Uislamu.

Mwaka 2008 msikiti mmoja wa Leicester ulimruhusu kijana asiyeona kuja na mbwa wake mwongozaji, baada ya wanazuoni kutoa fatwa. Mbwa hakuingia palipotandikwa mazulia ya sala. Alitengewa mahali pake pa kungojea. Leicester, ikumbukwe, ni mji uliopokea maelfu ya Waasia waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972, na mpaka leo ukipita mitaani mwake unaweza kusikia Kiswahili cha Kampala na Mombasa kwa wazee wa maduka. Msikiti ulitafuta namna badala ya kutafuta sababu, na haukuhitaji polisi kufika hapo.

Kwenye teksi za simu polisi hawasaidii sana. Dereva anasogea, anamwona mbwa, anabonyeza kufuta safari, anaondoka. Asiyeona anabaki kando ya barabara bila namba ya gari aliyoiona. Mwaka 2021 msuluhishi huko Marekani aliiamuru Uber imlipe mwanamke asiyeona wa eneo la San Francisco dola milioni 1.1 pamoja na gharama za mawakili, baada ya kukataliwa au kusumbuliwa na madereva mara 14. Kampuni ilijitetea kwamba madereva si waajiriwa wake. Msuluhishi hakukubali. Kiasi hicho ni kikubwa, na nadhani ukubwa wake ulikuwa makusudi: kampuni inayotuma mamilioni ya magari haitishwi na faini ya dereva mmoja.

Na kwetu? Kenya Airways imekuwa ikiruka kati ya New York na Nairobi tangu Oktoba 2018. Kanuni za Marekani zinayabana hata mashirika ya kigeni katika safari zinazoanza au kuishia huko, kwa hiyo abiria asiyeona anaweza kupanda New York na mbwa wake, akiwa amejaza fomu yake ya kuthibitisha kwamba mbwa atavumilia usiku kucha, mradi pia chanjo ya kichaa cha mbwa na vibali vya mifugo viko sawa. Ndege ikishatua na mlango kufunguliwa, kanuni hizo zimefika mwisho.

Kinachoanza hapo ni Katiba ya Kenya ya mwaka 2010. Ibara ya 54 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika kila mahali na kutumia usafiri wa umma, na haki ya kupata nyenzo na vifaa vya kumwondolea vikwazo vya ulemavu wake. Haimtaji mbwa. Wakili mjanja hataishia hapo. Atafungua Ibara ya 2, inayofanya mikataba iliyoridhiwa kuwa sehemu ya sheria za Kenya, kisha Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009. Ibara za 9 na 20 za mkataba huo zinazungumzia msaada ulio hai, zikiuweka pamoja na vifaa vya kutembelea na wakalimani wa lugha ya alama. Zimetaja watu waongozaji kwa jina na zimemnyamazia mbwa, lakini maneno yenyewe ni mapana kumtosha. Upande wa pili utamwita makanga wa matatu atoe ushahidi kwamba abiria wengine watashuka, na jaji atalazimika kuamua kama hofu ya abiria hao inatosha kumshusha mtu mwenye tikiti yake mkononi.